Malipo ya Mkupuo, Risiti Mbili: Tathmini ya Wakala wa Masomo ya China

Kila yanapotoka matokeo ya kidato cha sita, wazazi wenzangu huniuliza kama ningewashauri wamtumie wakala niliyemtumia mimi mwaka 2019 kumtafutia binti yangu nafasi ya udaktari nchini China. Kwa kazi ya kutafuta chuo na kuandaa nyaraka ningempa nyota nne kati ya tano. Kwa namna alivyozishughulikia fedha zetu baada ya korona kufunga mipaka ningempa nyota moja, na kwa kuwa mzazi hawezi kununua nusu ya huduma akaiacha nusu nyingine, tathmini yangu ya jumla ni nyota mbili. Sitaitaja kampuni kwa jina, kwa kuwa tulimalizana kwa maandishi na mimi nitaheshimu saini yangu, na pia kwa kuwa wazazi niliozungumza nao baadaye, waliotumia mawakala wengine kabisa, walinisimulia utaratibu ule ule wa malipo na wa risiti. Utaratibu huo ndio ninaotaka msomaji auelewe kabla hajapeleka fedha zake popote.

Tulikutana nao Julai 2019 katika maonesho ya elimu ya juu yanayoandaliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Binti yangu alikuwa amemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na ufaulu wake, ingawa ulikuwa mzuri, haukutosha kumpa nafasi ya udaktari hapa nyumbani ambako ushindani wa kozi hiyo ni mkali sana. Kijana aliyekuwa mezani aliniamkia, akaniita mama, akamwita binti yangu daktari, kisha akatueleza kwa utulivu tofauti ya muhula wa Septemba na ule wa Machi, akatuonya kwamba kusoma kwa Kiingereza hakumwondolei mwanafunzi haja ya kujifunza Kichina cha kuzungumzia na wagonjwa, na akatuambia bila kuficha kwamba shahada ya nje itahitaji kutambuliwa na mamlaka za hapa kabla ya kumpa mtu kazi hospitalini. Wengi hawayasemi mambo hayo mbele ya mteja. Waliandika maombi vizuri, wakatusaidia kuomba TCU hati ya kutokuwa na pingamizi, na katika wiki ya pili ya Januari 2020 wakatukabidhi barua ya udahili pamoja na fomu ya JW202, ile ambayo ubalozi wa China huitaka kabla ya kutoa viza ya masomo ya muda mrefu, ikiwa na muhuri mwekundu wa mviringo. Binti yangu aliishika fomu ile kwa ncha za vidole, kama mtu anayeogopa kuichafua. Kwa hatua hiyo ya kazi sina lawama yoyote.

Malipo nilikuwa nimeyafanya tarehe 19 Novemba 2019. Nililipa Sh 8,630,000 kwa mkupuo, na kati ya hizo Sh 6,000,000 zilikuwa mkopo wa SACCOS yetu ya walimu, ambao ulikuwa ukatwe kwenye mshahara wangu kwa miezi 36. Kabla ya kulipa niliomba mchanganuo, na kijana yule akanitumia kwa WhatsApp: Sh 1,840,000, yaani dola 800 kwa kiwango cha wakati ule, ni ada ya huduma ya wakala, yuan 600, kama Sh 200,000, ni ada ya maombi ya chuo, yuan 13,000, kama Sh 4,290,000, ni amana ya ada ya masomo ya mwaka wa kwanza, Sh 1,950,000 ni tiketi ya ndege, na Sh 350,000 ni vipimo vya afya pamoja na viza. Nilipokwenda ofisini kuchukua risiti, mhasibu alinikatia risiti ya kitabu yenye mstari mmoja tu, “Huduma ya masomo nje ya nchi, Sh 8,630,000”, akaibana kwa pini pamoja na risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato, TRA. Nilihakikisha jumla iko sawa kwenye ile ya kitabu, nikazitia zote mbili katika bahasha ya vyeti vya binti yangu, na ile ndogo ya EFD sikuitazama tena kwa karibu mwaka mzima. Mkataba tulioutia saini siku hiyo ulikuwa wa kurasa mbili, kwa Kiingereza, na kifungu chake cha mwisho kilisema kwamba ada ikishalipwa hairejeshwi kwa sababu yoyote ile. Nilikisoma. Nilidhani kinazungumzia ada yao.

Safari ilipangwa iwe tarehe 27 Februari 2020. Tarehe 23 Januari mji wa Wuhan ulifungwa, nasi tukajifariji kwamba chuo cha binti yangu kiko Jiangsu, mbali na huko. Tarehe 30 Januari Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa, na siku chache baadaye chuo kikawaandikia wanafunzi wote wapya kwamba asisafiri mtu yeyote mpaka atakapoarifiwa. Kuanzia tarehe 28 Machi China iliwazuia wageni kuingia nchini humo hata kama walikuwa na viza au vibali vya ukaazi vilivyo hai, na tarehe 11 Aprili Tanzania nayo ikasitisha ndege za abiria za kimataifa hadi tarehe 18 Mei. Mpaka hapo hapakuwa na mwenye kosa. Wakala hakuuleta ugonjwa, nami sikuwahi kumwambia kwamba ameuleta, na katika miezi ile ya mwanzo nilimpigia simu mara moja tu, kuuliza kama wafanyakazi wake ni wazima.

Nilianza kudai mwezi Juni, shule zilipokuwa zinafunguliwa na makato ya SACCOS, Sh 199,000 na kitu kila mwezi, yakiendelea kana kwamba mtoto yuko darasani. Jibu la kwanza lilikuwa nisubiri, kwa kuwa China ingefungua Septemba. Nilisubiri. La pili lilikuja kwa barua yenye nembo, likisema nafasi ya binti yangu imeahirishwa hadi muhula ujao na kwamba fedha zote “zimehamishwa” pamoja na nafasi hiyo, jambo ambalo hatukuwa tumeombwa kulikubali wala kulikataa. Niliporudi nikiwa nimeikataa barua hiyo kwa maandishi, nikaonyeshwa kile kifungu cha mwisho cha mkataba, na kijana yule yule aliyetupokea Mnazi Mmoja akaniambia, akiangalia meza, “Mama, chuo kikishapokea hakirudishi, hata sisi hatuna la kufanya.” Naamini hakuwa akinidanganya kwa makusudi, alikuwa akisema alichoambiwa aseme. Lakini sentensi ile ilinigharimu wiki kadhaa, kwa sababu niliiamini.

Hapa nisimame kidogo kwenye suala la kuahirisha, maana ndilo lililowanasa wengi. Wakala alitueleza kuwa binti yangu anaweza kuanza masomo kwa njia ya mtandao Septemba 2020 na kwamba kwa njia hiyo fedha zisingepotea. Jirani yetu alikubali mpango wa namna hiyo kwa mwanawe, aliyekuwa amedahiliwa katika chuo kingine cha China. Kwa kuwa China iko mbele yetu kwa saa tano, kipindi cha saa mbili asubuhi huko kilikuwa saa tisa usiku kwetu, na kijana yule alikuwa akikaa sebuleni na bando lake akisikiliza somo la anatomia wakati nyumba nzima imelala. Wanafunzi wa kigeni walianza kupewa tena viza za kuingia China Agosti 2022. Kwa hiyo alisoma hivyo kwa karibu miaka miwili, akilipa ada, bila kuingia maabara wala kugusa mgonjwa. Simlaumu mzazi wake hata kidogo. Ninachosema ni kwamba kuahirisha ni huduma nyingine, yenye thamani nyingine, na mteja anastahili kuulizwa kama anaitaka, tena akiwa na uhakika kwamba akikataa atarudishiwa chake.

Mwezi Agosti binti yangu, ambaye alikuwa kimya muda wote huo, aliamua kuandika barua pepe moja kwa moja kwa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo, kwa anwani iliyokuwa chini ya barua ya udahili. Aliandika mistari sita tu, akitaja namba ya maombi na kuuliza utaratibu wa kurejeshewa amana kwa mwanafunzi ambaye hatajisajili. Walijibu baada ya siku nne. Walisema kwamba ada ya maombi hairudishwi. Kwamba amana ya yuan 13,000 hurudishwa kwa asiyejisajili, na hurudishwa kwenye akaunti ile ile iliyoituma. Na kwamba yake ilikwisha kurudishwa tarehe 9 Julai. Akaunti iliyoituma ilikuwa ya wakala. Nilisoma jibu hilo nikiwa nimesimama jikoni, nikalisoma tena nimekaa. Tarehe 9 Julai nilikuwa nimeambiwa nisubiri Septemba, na ile sentensi ya “chuo hakirudishi” niliambiwa wiki tatu baada ya fedha kurudi.

Nilimpelekea karatasi zote mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni wakili. Nilitarajia aanze na barua pepe ya chuo. Yeye aliichomoa risiti ndogo ya EFD kutoka nyuma ya ile ya kitabu, akaigeuzia dirishani kwa sababu wino wake ulikuwa umeanza kufifia, kama karatasi zile zinavyofanya zikikaa, akasoma kiasi: Sh 1,840,000. “Mwalimu,” akaniambia, “hawa wenyewe wameiambia TRA kwamba mapato yao kwenye malipo haya ni milioni moja na laki nane na arobaini tu. Zilizobaki walikuwa wanakushikia.” Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaeleza wazazi jambo hili mpaka wengine wamenichoka. Kampuni iliyonikatalia marejesho ya Sh 8,630,000 kwa kifungu cha “ada hairejeshwi” ilikuwa imekwisha kukiri, siku ile ile ya malipo, kwamba ada yake ni sehemu ndogo ya fedha hizo. Nyingine zilikuwa za chuo, za shirika la ndege, za hospitali na za ubalozi, kila moja na kanuni yake ya marejesho, na wakala alikuwa mpitishaji tu. Mstari mmoja wa risiti ya kitabu ndio uliozichanganya na kuzifanya zionekane kitu kimoja.

Wakili aliandika notisi ya madai ya siku 21 mwezi Oktoba 2020. Aliegemea Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 56, kinachohusu makubaliano ambayo utekelezaji wake umegeuka kuwa usiowezekana, na kifungu cha 65, kinachomtaka aliyepokea manufaa chini ya mkataba uliobatilika ayarudishe au amfidie aliyempa. Nakala moja ilielekezwa Tume ya Ushindani, FCC, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kuambiwa kwamba chuo hakirudishi wakati kimekwisha kurudisha ni upotoshaji kwa kipimo chochote. Mdogo wangu anayeishi Leicester alinitumia pia tamko lililotolewa tarehe 30 Aprili 2020 na mamlaka ya ushindani na masoko ya Uingereza, CMA, lililosema kwamba mteja ambaye hakupata huduma kwa sababu ya korona kwa kawaida anatarajiwa kurudishiwa fedha zote, amana ikiwamo, na kwamba hati za kutumia baadaye hazipaswi kuwa kisingizio cha kumnyima marejesho. Tamko hilo halina nguvu ya kisheria kwetu, na wakili hakuliweka kwenye notisi. Lakini lilinisaidia mimi binafsi, kwa sababu nilikuwa nimeanza kujiona mkorofi, mama mtu mzima anayegombana na vijana wakati dunia nzima iko kwenye msiba, na nilihitaji kuona kwamba mahali pengine watu makini waliliangalia swali hili hili na kuliona la haki.

Tulikaa mezani mara mbili mwezi Novemba. Mkurugenzi alikuja mwenyewe, akaomba radhi kwa kuchelewa, akasema ofisi ilikuwa haina biashara tangu Februari na kwamba fedha zilizorudi zilitumika kulipa pango na mishahara. Namshukuru kwa ukweli huo, na nilimwonea huruma kama mtu. Nami nilikuwa nikilipa riba ya SACCOS kutoka kwenye mshahara wa mwalimu ili yeye alipe pango. Tulikubaliana arudishe amana ya chuo yote, Sh 4,290,000; tiketi yote, Sh 1,950,000, kwa kuwa shirika la ndege lilikwisha kuirudisha bila makato; Sh 200,000 za viza ambayo haikuwahi kuombwa; na nusu ya ada yake ya huduma, Sh 920,000. Jumla ni Sh 7,360,000, na zililipwa kwa awamu tatu hadi Februari 2021, kila awamu kwa siku iliyoandikwa. Sikurudishiwa Sh 1,270,000: ada ya maombi, Sh 150,000 za vipimo vilivyokwisha kufanyika, na nusu ile nyingine ya ada ya huduma. Riba ya mkopo na malipo ya wakili nilivibeba mwenyewe.

Wapo wanaoniambia nilikubali kidogo mno kwenye ada ya huduma, kwa kuwa mtoto hakusafiri. Sikubaliani nao. Chuo walikitafuta, udahili ukapatikana, JW202 ikafika. Kazi hiyo waliifanya, na kuifanya vizuri, na kilichobaki ambacho hawakukifanya ni viza, mapokezi ya uwanja wa ndege na usajili wa huko. Nusu ilikuwa haki. Kama wangenipa hesabu hiyo mwezi Julai, siku fedha zilipoingia kwenye akaunti yao, ningeisaini siku hiyo hiyo na leo ningekuwa nawaandikia nyota nne.

Kwa mzazi anayekwenda kulipa sasa, nina maombi machache yaliyotokana na haya. Angalia kwanza kama wakala yumo kwenye orodha ya waliosajiliwa na TCU, ingawa wa kwangu alikuwamo na haikuzuia chochote. Omba amana ya ada uilipe wewe mwenyewe kwenye akaunti ya chuo, kupitia benki yako, kwa sababu fedha hurudi zilikotoka. Vyuo vingi vinakubali, na gharama ya kutuma utailipa lakini utalala. Ikiwa lazima zipitie kwa wakala, dai risiti yenye kila fungu kwenye mstari wake, na mkataba uoneshe kwa kila fungu ni nani atakayelishika, litarudishwa kwa masharti gani na baada ya siku ngapi. Mkataba ukiwa wa Kiingereza, omba muda uende nao nyumbani. Risiti ya EFD ipige picha siku hiyo hiyo, usingoje ifutike.

Binti yangu aliingia chuo kikuu cha hapa nchini mwishoni mwa mwaka 2020 kusomea famasi, na sasa anafanya kazi. Hazungumzii sana China. Fomu ya JW202 bado anayo, ndani ya bahasha ile ile.

Mwaka 2023, milango ya China ilipokuwa imefunguka, mwalimu mwenzangu alimpeleka mtoto wake kwa wakala huyu huyu, akijua habari zangu zote, kwa sababu hakuona aliye bora zaidi katika kuandaa nyaraka, na mimi mwenyewe nilimwambia hivyo. Nilimsindikiza. Mhasibu alikuwa mpya. Alikata risiti ya kitabu yenye mstari mmoja, “Huduma ya masomo nje ya nchi”, na jumla chini yake. Mwenzangu akaisukuma kurudi upande wa pili wa meza na kuomba iandikwe upya kwa mafungu matano. Mhasibu alisema hajawahi kuombwa hivyo, akaingia ndani kuuliza, akakaa huko kama dakika ishirini, kisha akatoka na kuiandika, mstari mmoja baada ya mwingine, huku mwenzangu akilinganisha kila kiasi na ujumbe uliokuwa kwenye simu yake.